Miji 20 ya tangazo na koki zisizotoa maji

Mei 2009 serikali ya Northern Territory, kaskazini mwa Australia, ilitangaza kwamba jamii 20 za Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, zilizo maeneo ya mbali zitafanywa miji. Orodha ilibeba zile kubwa, Maningrida na Wadeye, zenye watu elfu mbili na zaidi kila moja, ikapita visiwani Galiwin'ku na Nguiu, ikashuka hadi jangwani Yuendumu, Papunya na Lajamanu. Ahadi ilieleweka kirahisi: mkazi wa huko apate huduma zilezile anazopata Mwaustralia yeyote anayeishi katika mji wa ukubwa huo.

Zaidi ya miaka 15 imepita. Nyumba zimeongezeka, vituo vya polisi vimejengwa, madarasa yapo. Miji bado. Wachambuzi wa Sydney wanapenda kumalizia mjadala hapa kwa neno "utamaduni", neno lisilomgharimu mtu kitu. Ukifuatilia kazi yenyewe, tangu kiwanja kinapopimwa hadi koki inapofunguliwa, utakuta kasoro ziko sehemu za kawaida kabisa: hatua zilipangwa kinyumenyume, fedha za kujenga zilitengwa bila fedha za kutunza, na waliokuwa wanaijua kazi waliondolewa kwenye kazi.

Hoja ya kukusanya huduma haikuwa ya kijinga. Northern Territory ina vitongoji vya ukoo karibu 500, vingine vya familia mbili tatu tu, vilivyoanzishwa tangu miaka ya 1970 na watu waliotoka kwenye misheni na kurudi katika ardhi za mababu zao. Kupeleka daktari, mwalimu na dizeli kila mahali ni gharama. Msomaji wa Tanzania aliyekuwepo mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, anaijua hoja hii neno kwa neno: sogeeni pamoja, huduma zitawafuata. Australia haikutumia malori. Ilitumia bajeti. Tangu 2007, makubaliano kati ya serikali kuu na ya Territory yalizuia fedha za nyumba mpya kwenda vitongojini. Kijana wa kitongojini alipooa na kutaka nyumba yake, hakuwa na budi kwenda kuisubiri mjini, na huko aliungana na shangazi zake ambao tayari walilala wanne chumba kimoja.

Sasa tuanze na ardhi, maana hapo ndipo ramani nyingi zilipochanika.

Sheria ya Haki za Ardhi ya 1976 imewarudishia Waaborijini karibu nusu ya eneo lote la Northern Territory. Ni umiliki kamili, ila ardhi hiyo haiuzwi na wala benki haiwezi kuikamata kwa deni. Inashikiliwa na wadhamini kwa niaba ya ukoo wenye asili ya mahali hapo, na baraza la ardhi ndilo linalosimamia ridhaa yao. Jambo ambalo wapangaji miji walilipita haraka ni hili: wengi wanaoishi Wadeye si wenye ardhi ya Wadeye. Misheni ya Kikatoliki iliyofika eneo hilo mwaka 1935 ilivuta koo zipatazo 20 mahali pamoja, kwenye ardhi ya ukoo mmoja, Kardu Diminin. Kwa hiyo kila mtaa mpya maana yake ni kuuomba ukoo huo mmoja utoe ardhi ili koo nyingine zipate nyumba. Na mwenyeji anajua kwamba mgeni akishapewa nyumba hapo, hana tena sababu ya kuondoka. Mwaka 2022 koo zilipopigana Wadeye, nyumba nyingi ziliharibiwa na mamia ya watu wakakimbilia porini. Ukiwarundika wageni wa kihistoria juu ya ardhi ya mwenyeji mmoja, halafu ukaita mahali hapo "kitovu cha huduma", ugomvi nao unakuwa umeuweka kitovuni.

Serikali kuu ilijaribu kukata fundo hilo kwa mikataba ya pango. Marekebisho ya sheria mwaka 2006 yaliruhusu mji mzima kukodishwa kwa miaka 99. Nguiu, kwenye Visiwa vya Tiwi, ulitangulia mwaka 2007. Kwingine serikali ilitaka pango la angalau miaka 40 juu ya viwanja vya nyumba kabla ya kutoa fedha za kujenga. Hakuna pango, hakuna nyumba. Kiserikali ina mantiki: mwenye kujenga anataka ajue nani anawajibika kukarabati. Lakini ukiwa na watu 14 kwenye nyumba ya vyumba vitatu, ridhaa yako ina thamani gani? Mfano wenye akili zaidi ulikuja baadaye, Gunyangara mwaka 2017, ambako pango la mji lilishikwa na kampuni ya wenyeji wenyewe badala ya ofisi ya serikali. Kodi inayolipwa na duka, shule na zahanati inaingia kwao, na wao ndio wanaoamua kiwanja kipi kimegwe.

Baada ya ardhi ndipo unapofika kwenye kitu kisichopigwa picha na waziri yeyote: kiwanja kilichofikiwa na huduma. Kupima ni kazi ndogo. Kiwanja hakina maana mpaka bomba la maji limefika, nguzo ya umeme imesimama, mfereji wa majitaka umeunganishwa, na mitambo iliyo nyuma ya vyote hivyo ina nafasi ya kubeba mzigo mpya. Mara nyingi nafasi hiyo haipo. Chukua mfano wa hesabu. Mtaa wa nyumba 20, mhandisi amekadiria watu 5 kwa nyumba na lita 200 za majitaka kwa mtu kwa siku. Bwawa litapokea lita 20,000 kila siku, na limechimbwa ili maji yakae humo siku 30, jua na bakteria vimalize kazi yao. Wakihamia watu 12 kwa nyumba, zinaingia lita 48,000. Muda wa kukaa unashuka hadi siku 12 na nusu. Maji yanatoka yakiwa hayajasafika, mamlaka inasimamisha miunganisho mipya, na nyumba zilizoahidiwa ili kupunguza msongamano zinakwama kwa sababu ya msongamano huohuo.

Ndiyo maana mpango mkubwa wa nyumba ulioanza Aprili 2008 ulijikwaa mapema. Ulikuwa na dola za Australia milioni 672, kwa nyumba mpya 750, za kujengwa upya 230 na za kukarabatiwa 2,500. Hadi katikati ya 2009 hakuna nyumba mpya hata moja iliyokuwa imekamilika, na Agosti mwaka huo Alison Anderson, waziri wa mambo ya wenyeji wa Territory na yeye mwenyewe mwanamke wa jangwani, alijiondoa chama tawala cha Labor kwa hasira ya fedha kuliwa na usimamizi. Nyumba mpya iliwekewa wastani wa dola 450,000. Bei hiyo humshtua msomaji, na baadhi yake kweli ilikuwa faida iliyonona ya wakandarasi wa tabaka juu ya tabaka, ila tazama pia kalenda. Maningrida iko kilomita 500 hivi mashariki mwa Darwin, makao makuu ya Territory, na barabara yake inafungwa na mito msimu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Vitu vizito vinakwenda kwa tishari. Mbao, mabati na fremu za chuma zisipofika kabla mvua haijaanza, mafundi wamekwisha kulipiwa malazi na msingi haujamwagwa. Fedha ikitoka Darwin Agosti kwa sababu ya mzunguko wa bajeti, mwaka umepotea. Hili lilijirudia mno kiasi kwamba haliwezi kuitwa bahati mbaya.

Tuseme sasa nyumba imesimama. Ina rangi, ina funguo, waziri ameondoka. Miaka mitatu baadaye bafu halifanyi kazi. Nani kaliharibu?

Swali hili lina jibu lililopimwa, na ndilo ningependa kila mpanga miji alisome kabla ya kuchora chochote. Mwaka 1985 Yami Lester, kiongozi wa Kiyankunytjatjara aliyepoteza uwezo wa kuona na aliyelilaumu maisha yake yote wingu la majaribio ya nyuklia ya Waingereza ya 1953, alikuwa mkurugenzi wa huduma ya afya ya wenyeji katika jangwa la kaskazini-magharibi mwa Australia Kusini. Aliwaita daktari Paul Torzillo, msanifu majengo Paul Pholeros na ofisa afya ya mazingira Stephan Rainow, akawapa kazi moja: zuieni watu kuugua. Zahanati ilikuwa nzuri, watoto walitibiwa, kisha wakarudi wiki iliyofuata na kipele kilekile. Watatu hao wakaorodhesha mambo tisa ambayo nyumba lazima imwezeshe mtu kufanya, kwa mpangilio wa uzito wake kwa afya. La kwanza ni kuosha mwili, hasa wa mtoto. La pili ni kufua nguo na matandiko. La tatu ni kuondoa majitaka salama. Halafu ndipo wanapofika jikoni, msongamano, wanyama, vumbi, joto na ajali.

Namna ya kazi yao ni ya kifundi na haina porojo. Timu, ambayo wengi wake ni wenyeji wa hapohapo waliofundishwa kwa siku chache, inaingia nyumba kwa nyumba ikiwa na fomu ya vipimo takriban 250 na sanduku la zana. Bomba la mvua halihesabiwi kuwa linafanya kazi kwa sababu tu lipo ukutani. Maji baridi yatoke. Maji ya moto yafikie kiwango kilichowekwa cha joto. Koki zifunguke na kufungika. Kichwa kitawanye maji. Mfereji wa sakafuni uyameze. Kimoja kikikosekana, bafu limefeli. Na sheria yao ya kwanza: hakuna kupima bila kutengeneza. Siku hiyohiyo washa ya koki inabadilishwa, soketi inayoning'inia inafungwa, na fundi umeme na fundi bomba wenye leseni wako nyuma ya timu kwa kazi kubwa. Mwenye nyumba haachiwi karatasi.

Katika nyumba zaidi ya 4,000 walizopima kufikia 2006, zenye bafu linalofanya kazi zilikuwa 35 kati ya 100. Zilizofaulu usalama wa umeme, kama 11 kati ya 100. Na sababu? Karibu asilimia 70 ya matengenezo yaliyohitajika yalitokana na kukosa matunzo ya kawaida. Asilimia 20 na kitu yalikuwa makosa ya ujenzi tangu siku ya kwanza: mfereji wa sakafuni ulioko juu ya usawa wa sakafu, bomba lisilounganishwa na kitu chochote chini ya ardhi, waya wa ethi usiogusa ardhi. Uharibifu wa wakazi haukufika asilimia 10. Huko New South Wales, wizara ya afya ilipotazama miaka kumi ya kazi hiyo, 1998 hadi 2008, ilikuta kulazwa hospitali kwa magonjwa ya kuambukiza kumepungua kwa asilimia 40 katika jamii zilizotengenezewa nyumba, ikilinganishwa na ambazo bado.

Jangwani adui mkuu ni maji yenyewe. Yanatoka kisimani yakiwa yamebeba chokaa nyingi. Ukoko unajijenga juu ya elementi ya hita hadi inaungua, unaziba matundu ya kichwa cha bomba la mvua, unakula kiti cha koki mpaka inavuja usiku kucha, na kwenye vipoza hewa vya maji unageuza pedi kuwa jiwe. Dawa yake inajulikana: hita zenye fito ya kinga inayobadilishwa kwa ratiba, koki za aina moja mji mzima ili stoo ibebe vipuri vya aina moja, pedi mpya kabla ya kila kiangazi. Washa ya koki ni kitu cha senti. Fundi wa kutoka mjini mkubwa ana ndege ndogo, usiku wa kulala na siku mbili za mshahara. Ofisi ya nyumba, kwa busara yake ya kibajeti, inasubiri kasoro zifike 15 ndipo imtume, na wakati huo koki iliyovuja imelowesha ukuta, ukuta umelainika, vigae vimeanguka, na kazi ya dakika kumi imekuwa bafu jipya. Huo ndio utaratibu mzima wa "wanaharibu nyumba zao".

Gharama yake haiishii kwenye vigae. Mwaka 2018 uchunguzi wa mioyo ya watoto na vijana Maningrida ulikuta takriban 5 kati ya kila 100 wana ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, kiwango cha juu kuliko karibu kokote duniani palipopimwa. Ugonjwa huo huanza na bakteria wa koo na wa ngozi, wanaostawi penye msongamano na pasipo maji ya kuogea. Mtoto anaishia meza ya upasuaji wa valvu, maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Umeme una sura yake. Nyumba nyingi za huko zinatumia mita za kulipia kabla, kitu ambacho mtumiaji wa LUKU au tokeni hahitaji kuelezwa. Utafiti uliochapishwa 2022, uliofuatilia kaya 3,300 katika jamii 28 za Northern Territory, ulikuta kaya 91 kati ya 100 zilikatikiwa umeme angalau mara moja katika mwaka wa fedha 2018/19, na 74 kati ya 100 zaidi ya mara kumi. Siku za joto au baridi kali uwezekano wa kukatikiwa ulifika kaya moja kwa kila tatu. Hapo ndipo insulini inapoharibika kwenye friji. Mradi wa sola uliokamilika 2019 uliweka megawati 10 katika jamii 25, ukapunguza dizeli, na ulikuwa mradi mzuri. Lakini bei ya uniti kwa mkazi ni moja Territory nzima, hivyo akiba ya dizeli iliishia kwenye hesabu za shirika la umeme, na mita ya mama mwenye wajukuu tisa ikaendelea kulia. Angalau sola juu ya paa lake, kabla ya mita, ingemgusa.

Kuhusu maji nitasema moja. Laramba, kaskazini-magharibi mwa Alice Springs, ilikunywa kwa miaka maji yenye urani miligramu 0.046 kwa lita, wakati kiwango cha kitaifa kilikuwa 0.017. Wakazi walifikishana na wenye nyumba wao, yaani serikali, mbele ya baraza la usuluhishi mwaka 2020. Mtambo wa kusafisha ulifunguliwa 2023.

Shule nazo zilikuwa na hesabu ya ajabu. John Taylor na Owen Stanley walipopiga mahesabu ya eneo la Wadeye mwaka 2005, walikuta kwamba kwa kila dola ya elimu iliyotumika kwa mtoto wa wastani wa Northern Territory, mtoto wa huko alipata senti 47. Chanzo kimojawapo: fedha zilifuata mahudhurio, si uandikishaji. Watoto wakipungua darasani, mwalimu anaondolewa. Mwalimu akiondolewa, watoto wanapungua zaidi. Na siku wote wakiamua kuja, viti havitoshi. Serikali ya Territory ilianza kuuacha mfumo huo mwaka 2023, na ilistahili kuuacha miaka ishirini kabla.

Kilichoniudhi zaidi katika historia hii yote ni wakati. Kipindi kilekile cha kutafuta miji ndicho serikali zilipovunja vyombo vilivyokuwa vinaiendesha. Julai 2008 mabaraza madogo ya jamii yapatayo 60 yalimezwa na halmashauri kubwa chache. Wadeye ikawa chini ya halmashauri yenye makao Katherine, safari ya mamia ya kilomita ambayo nayo hukatika mvua zikinyesha. Greda la kijiji likawa mali ya mtu asiyeonekana. Kisha kuanzia 2009 ukaanza kufungwa mpango wa ajira uliojulikana kwa herufi CDEP, ulioanza 1977, ambao uliigeuza posho ya wasio na kazi kuwa mshahara mdogo wa kazi za jamii. Ulikuwa na kasoro, kubwa ikiwa serikali kujipatia wazoa taka, walinzi wa pwani na wasaidizi wa shule kwa bei ya posho. Dawa ilikuwa kuzifanya kazi hizo kuwa ajira kamili. Zilifutwa nyingi, na watu wakarudi kupanga foleni ya posho. Shirika la Bawinanga la Maningrida, lililoanza 1979 kuhudumia vitongoji zaidi ya 30, lilikuwa linategemea mpango huo kuendesha karakana, bustani, ujenzi na askari wa mazingira. Ni kweli lilikuwa pia na makosa yake ya uongozi na madeni, ila Oktoba 2012 lilipowekwa chini ya msimamizi maalumu, mji ulipoteza mwajiri wake mkuu. Miezi miwili kabla, majimbo ya porini yalikuwa yameiangusha serikali ya Labor iliyotangaza miji 20.

Machi 2024 serikali hizo mbili zilitangaza mpango mwingine: dola bilioni 4 kwa miaka 10, hadi nyumba 270 kwa mwaka. Ni fedha nyingi na zimechelewa, na nyumba zinahitajika. Ningeuliza vitu vinne kabla ya kupiga makofi. Viwanja vingapi tayari vina bomba, nguzo na bwawa lenye nafasi? Katika kila dola ya kujenga, senti ngapi zimefungwa kwa matunzo ya miaka 20, kwenye akaunti ambayo waziri ajaye hawezi kuichota? Kila mji una mafundi bomba wangapi wanaolala hapohapo, na vijana wangapi wako kwenye uanagenzi chini yao? Na vitongoji: je, familia inayotaka kurudi kwenye ardhi yake na kupunguza watu wanane kwenye nyumba ya mjini, itapewa tangi, sola na bafu, au italazimishwa kubaki kwenye foleni?

Swali la tatu, la mafundi, tayari lina kipimo cha muda ambao mpangaji anaweza kusubirishwa. Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya wapangaji wa Santa Teresa, saa moja na ushee kwa gari kutoka Alice Springs, dhidi ya idara ya nyumba. Mpangaji mmoja, mwanamke mzee, alikuwa ameishi miezi 68 katika nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Mahakama ikasema anastahili fidia kwa dhiki ya kukaa bila usalama. Kesi ilikuwa imeanza 2016.